Viwango vya nishati vya kwanta kwenye Excel: kutatua mlinganyo wa Schrödinger hatua kwa hatua

Mwanafunzi wa nadharia ya kwanta huambiwa mapema kwamba elektroni iliyofungiwa mahali padogo haiwezi kuwa na nishati yoyote itakayo. Ikiwa ndani ya sanduku la upana wa nanomita 1, kwa mfano, ina viwango: elektronivolti (eV, kizio cha nishati) 0.376, kisha 1.504 eV, na hapo katikati hapana kitu. Akiuliza sababu, hupewa ukurasa mzima wa sine na kosine. Anaunakili, anafaulu mtihani, na swali lake linabaki palepale. Ni afadhali akae mbele ya jedwali la kompyuta, aandike fomula moja, aiburute chini safu mlalo mia, halafu aibadilishe nishati kwa mkono huku akitazama mkia wa wimbi ukipanda na kushuka. Viwango vitajitokeza vyenyewe bila mtu kumwambia vipo.

Kazi hii inafanyika kwenye Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets, na haihitaji kujua kuandika programu. Anayefundisha anaweza kuimaliza kwa vipindi viwili vya saa moja na nusu: sanduku na kisima katika kipindi cha kwanza, visima pacha katika cha pili.

Mlinganyo na vizio vyake

Mlinganyo ambao Schrödinger aliutoa mwaka 1926, ukiondoa muda na kubakiza mwelekeo mmoja tu, unaandikika hivi:

ψ'' = c (V − E) ψ

ψ ni wimbi la elektroni na ψ'' ni jinsi linavyojipinda, V ni nishati ya mahali ilipo, E ni nishati yake yote, na c ni 2m/ħ², ambapo m ni masi ya elektroni na ħ ni namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π. Usitumie kilo, mita na jouli. Ukifanya hivyo seli zitajaa vipeo vya −31 na −68, na ukikosea tarakimu moja hakuna jicho litakaloligundua kosa. Tumia elektronivolti na nanomita. Kwa elektroni huru, katika vizio hivyo, c = 26.2468. Namba hiyo moja ndiyo inayobeba masi ya elektroni pamoja na ħ. Ihifadhi kwenye seli yake na usiiandike tena popote ndani ya fomula.

Kabla ya kugusa kibodi, mlinganyo usomwe kwa maneno. Mahali E inapoizidi V, wimbi hujipinda kurudi kwenye mstari wa sifuri, kwa hiyo huyumba huku na huku. Mahali E ilipo chini ya V, hujipinda kuukimbia mstari huo: ama linafifia taratibu, ama linalipuka kwenda juu au chini bila kikomo. Wimbi linalolipuka halina maana kimaumbile, kwa sababu ψ² ndiyo inayotupa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani, kama alivyoeleza Max Born mwaka huohuo wa 1926, na jumla ya uwezekano wote lazima iwe 1. Mchujo wote wa viwango umo ndani ya sharti hilo.

Kompyuta haijui mkunjo, inajua pointi. Gawa nafasi kwa hatua ndogo h, na mlinganyo unageuka kuwa hesabu ya shule ya msingi:

ψ(mbele) = [2 + c h² (V − E)] × ψ(hapa) − ψ(nyuma)

Ukizijua pointi mbili za mwanzo, unazijua zote.

Jaribio la kwanza: sanduku lenye kuta zisizopenyeka

Chukua sanduku la upana wa nanomita 1. Kwenye safu mlalo ya kwanza andika vichwa: A ni namba ya pointi, B ni x, C ni V, D ni ψ. Pembeni weka vigezo: G1 ni E, G2 ni h yenye thamani 0.01, G3 ni 26.2468. Safu ya A ianze na 0 kwenye A2 hadi 100 kwenye A102. B2 iwe =A2*$G$2, kisha iburute chini. Safu yote ya C ni 0. Kwenye D2 andika 0, kwa sababu wimbi halipo ndani ya ukuta. Kwenye D3 andika 0.01. Kwenye D4 weka:

=(2+$G$3*$G$2^2*(C3-$G$1))*D3-D2

Iburute mpaka D102, kisha chora grafu ya D dhidi ya B. Alama za dola ni za lazima. Ukizisahau, fomula inapoburutwa itaanza kusoma G2, G3, G4 kama nishati, na grafu itatoka laini kabisa na ya uongo.

Mtu makini atauliza kwa nini D3 ni 0.01. Jibu ni kwamba haijalishi. Weka 5 au 0.0003: wimbi litarefuka au kufupika lote kwa pamoja, lakini mahali linapoukata mstari wa sifuri hapabadiliki. Mwache mwanafunzi ajaribu kabla hujamjibu.

Sasa weka 0.37 kwenye G1. Wimbi linapanda, linashuka, na kwenye ukuta wa kulia, seli D102, linabaki juu kidogo ya mstari: 0.0081. Weka 0.38; linafika −0.0053. Ukuta unadai sifuri kamili, na nishati zote mbili zimekataliwa. Kiwango kimo katikati yao. Jaribu 0.375, angalia alama ya D102, bakiza ile nusu ambayo alama zake zinapingana, na uendelee kugawa nusu kwa nusu. Migao kumi inalikata pengo la 0.01 hadi kufikia sehemu moja ya laki ya elektronivolti. Utaishia kwenye 0.3760.

Hesabu za kalamu zinatoa E = n² × 0.37603 eV. Endelea kupandisha G1 nawe utakutana na 1.5036, 3.3818 na 6.0086, ambapo majibu kamili ni 1.5041, 3.3843 na 6.0165. Angalia kosa linavyokua kadiri unavyopanda. Wimbi la kiwango cha juu lina mikunjo mingi zaidi, na hatua ileile ya 0.01 inaukanyaga kila mkunjo kwa pointi chache. Kwenye kiwango cha kumi utapata 37.29 badala ya 37.60, yaani upungufu wa asilimia 0.8. Jibu la njia hii kwa sanduku siku zote huwa chini ya jibu la kweli; likitoka juu, kuna kitu umekosea mahali pengine.

Zana ya Excel iitwayo Goal Seek inaweza kukufanyia huo msako, ila ina tabia inayowapoteza wengi: kwa mpangilio wake wa kawaida husimama mara tu seli inapolikaribia lengo kwa 0.001. Hapa D102 yenyewe ni namba ndogo, kwa hiyo itatangaza ushindi ikiwa bado mbali kwa hadi takriban 0.0007 eV. Dawa yake ni kutengeneza seli nyingine yenye =D102*1000000, na kuielekeza zana kwenye seli hiyo.

Kosa la kuruka kiwango pia ni la kawaida. Ukipandisha E kwa hatua kubwa, alama ya D102 inaweza kubadilika mara mbili bila wewe kuona, ukadhani hakuna kitu hapo katikati. Usitegemee macho. Kwenye safu ya E (herufi, si nishati) weka =IF(D3*D2<0,1,0) kuanzia safu mlalo ya 3, na ujumlishe. Idadi ya mara ambazo wimbi linaukata mstari wa sifuri ndani ya sanduku ni sawa na idadi ya viwango vilivyo chini ya nishati uliyoweka. Weka E = 3 na utahesabu mikato miwili: basi viwango viwili viko chini, na hutahangaika kuvitafuta zaidi ya hivyo.

Kisima chenye kuta fupi

Kuta zisizopenyeka ni za vitabuni. Zipunguze ziwe na kimo cha 1 eV, upana wa kisima ubaki nanomita 1. Kwa kuwa kisima kina pande mbili zinazofanana, fanya nusu tu: pointi namba i = 0 iwe katikati, ukuta uanze i = 50, na uendelee hadi i = 250, yaani nanomita 2 ndani ya ukuta. Kimo, 1, kikae G4. Safu ya C inakuwa:

=IF(A2<50,0,IF(A2=50,$G$4/2,$G$4))

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye fomula hiyo. La kwanza, inalinganisha namba ya pointi, si x. Ukiandika B2<0.5, kompyuta inaweza kuiona 0.5 yako kuwa 0.5000000000000002, hasa kama x uliipata kwa kujumlisha 0.01 mara hamsini, na ukuta ukasogea nusu hatua. La pili, pointi iliyokaa juu ya ukingo wa ukuta inapewa nusu ya kimo. Watu wengi huipa 0. Wakifanya hivyo kisima kinapanuka kwa nusu hatua kila upande, jumla nanomita 0.01, na kiwango cha chini kinashuka kwa karibu 0.003 eV. Ni kosa la asilimia 1.4 litokanalo na seli moja tu, na halionekani kwenye grafu hata ukiikuza.

Mawimbi ya kisima hiki ni ya aina mbili. Yale yanayofanana kulia na kushoto huanza na D2 = 1, na D3 iwe:

=1+0.5*$G$3*$G$2^2*(C2-$G$1)

Yale yanayopinduka huanza na D2 = 0 na D3 = 0.01. Usishawishike kuandika 1 kwenye D2 na 1 tena kwenye D3 kwa hoja kwamba kilele ni bapa. Pointi mbili zinazolingana zinakihamisha kilele katikati yao, nusu hatua kutoka mahali pake, na nusu ya kisima inapungua kwa asilimia moja. Kwenye sanduku lenye kuta ngumu uzembe huo unapandisha nishati kwa asilimia 2.

Sasa tafuta E itakayofanya mkia ufifie. Ukiwa chini kidogo ya kiwango, mkia unaruka juu. Ukiwa juu kidogo, unapiga mbizi. Jibu ni 0.191 eV kwa wimbi la kwanza na 0.703 eV kwa la pili. Hakuna la tatu. Idadi yake inajulikana mapema: zidisha upana wa kisima kwa kipeuo cha pili cha c × V, gawa kwa π, upate 1.63, kisha panda hadi namba nzima inayofuata.

Hapa simama. Kiwango cha kwanza kimeshuka kutoka 0.376 hadi 0.191, karibu nusu, ilhali kisima hakikupanuliwa hata kidogo. Waulize wanafunzi sababu kabla ya kuendelea, na uwaombe waonyeshe kwa kidole kwenye grafu. Wimbi linaingia ndani ya ukuta, kwa hiyo lina nafasi zaidi ya kujinyoosha, na mkunjo mdogo ni nishati ndogo. Urefu wa kufifia ni 1/√(c(V − E)): nanomita 0.217 kwa kiwango cha kwanza na 0.358 kwa cha pili. Elektroni iliyo karibu na mdomo wa kisima hupenya mbali zaidi. Mwanafunzi aliyekwisha kuliona hili kwenye skrini hatahitaji kukariri maelezo ya kupenya ukuta.

Mkia ndio unaosumbua zaidi katika kazi hii. Kila kosa dogo la E hukuzwa ndani ya ukuta. Kwa nanomita 2 za ukuta, kiwango cha kwanza hukuzwa takriban mara elfu kumi, jambo ambalo ni zuri kwa sababu linakupa unyeti. Lakini mtu akirefusha ukuta hadi nanomita 10 ili kuwa na uhakika zaidi, ukuzaji unafika 10²⁰, na Excel hubeba takriban tarakimu 15 tu. Hapo hakuna thamani yoyote ya E inayoweza kuandikika kwenye seli na kuutuliza mkia: ukibadilisha tarakimu ya mwisho, unaruka kutoka laki juu hadi laki chini. Wanafunzi hudhani faili limeharibika. Halijaharibika, ukuta ni mrefu kupita uwezo wa namba zenyewe. Acha ukuta wa urefu wa kufifia mara tano hadi kumi, basi. Ukihitaji zaidi ya hapo, anza pande zote mbili, mmoja kutoka katikati na mwingine kutoka mbali kurudi ndani, na utafute E inayofanya mteremko wa wimbi ugawanywe kwa kimo chake ulingane mahali yanapokutana.

Kujua kama namba yako ni ya kuaminika

Namba moja kutoka kwenye jedwali si jibu bado. Punguza h kwa nusu na urudie. Kosa la njia hii hupungua hadi robo yake kila h inapogawanywa kwa mbili, na ukiona halipungui hivyo, angalia kingo za kuta na pointi mbili za mwanzo kabla ya kitu kingine. Kwa sanduku, h = 0.02 inatoa 0.375906 na h = 0.01 inatoa 0.375999. Chukua ya pili mara nne, toa ya kwanza, gawa kwa tatu: 0.376030, jibu kamili hadi tarakimu ya sita, bila kuongeza pointi hata moja. Ujanja huo wa kuchanganya hatua mbili hauna gharama, lakini wengi huuacha na kwenda kuongeza safu mlalo elfu kumi.

Kipimo kingine ni chemchemi ya kwanta, yaani chembe inayovutwa kurudi katikati kama iliyofungwa kwenye springi. Achana na vizio kabisa: weka c = 2 na V = x²/2, anza katikati, nenda hadi x = 5 kwa h = 0.1. Majibu kamili ni 0.5, 1.5, 2.5 na kuendelea, kila moja likipishana na jirani yake kwa 1. Jedwali lako linapaswa kutoa 0.4997 kwa la kwanza. Likitoa 0.4997, mashine yako ni nzima, likitoa 0.51 au 0.47, irudie fomula ya D3. Kwa viwango vya juu, ongeza umbali: kwa n = 10 (hapa n inaanzia 0) wimbi linafika mbali zaidi ya x = 4.5 kabla ya kuanza kufifia, hivyo x = 5 haitoshi, na hata ukirefusha, h = 0.1 itakupa 10.43 badala ya 10.5.

Kwa usahihi zaidi kuna njia ya Numerov, aliyekuwa mtaalamu wa nyota wa Urusi na aliyeibuni kwa ajili ya mizunguko ya sayari. Ukiita f = c(E − V), fomula yake ni:

(1 + h²f/12)ψ ya mbele = 2(1 − 5h²f/12)ψ ya hapa − (1 + h²f/12)ψ ya nyuma

ambapo kila f ni ya pointi yake. Kosa lake hupungua mara 16 kila h inapokuwa nusu. Kwa chemchemi inang'ara. Kwa kisima chenye kuta wima faida hiyo inapotea, kwa sababu njia inadhani V inabadilika taratibu. Basi usishangae ukiona Numerov haikushindi kwa lolote pale.

Visima pacha

Weka visima viwili vya aina ileile, kila kimoja nanomita 1, na kati yao ukuta wa nanomita 0.5. Ukianza katikati ya ukuta huo, V ni 1 kwa i chini ya 25, nusu kwa i = 25, 0 hadi 124, nusu kwa i = 125, na 1 hadi i = 325. Fomula ya D3 ni ileile, ila sasa V ya katikati ni 1, si 0, na wimbi linalofanana pande zote linaanza kwa kupanda.

Kiwango kimoja cha 0.191 kinagawanyika kuwa viwili, kimoja chini yake kidogo na kingine juu yake kidogo, pengo likiwa karibu 0.019 eV. Upanue ukuta wa kati hadi nanomita 1: pengo linashuka hadi karibu 0.0019. Kwa kina hiki, kila nusu nanomita inayoongezeka hulipunguza pengo takriban mara kumi. Waambie wanafunzi wachore logi ya pengo dhidi ya upana wa ukuta. Watapata mstari ulionyooka, na mteremko wake, mkubwa kama 4.6 kwa kila nanomita kwa logi ya asili, ni ule ule uliotoka kwenye urefu wa kufifia wa kisima kimoja.

Pengo lina maana ya muda. Elektroni ikiwekwa kwenye kisima cha kushoto, itahamia kulia na kurudi kwa muda wa h ya Planck kugawanywa kwa pengo: kwa 0.019 eV ni takriban sekunde 2.2 × 10⁻¹³. Molekuli ya amonia hufanya jambo hilohilo: naitrojeni yake hupita kutoka upande mmoja wa haidrojeni tatu kwenda upande wa pili, na pengo lake linalingana na mawimbi ya gigahezi 23.8 hivi. Charles Townes na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia walilitumia pengo hilo kutengeneza maser (kifaa cha kukuza mawimbi ya maikrowevu) ya kwanza mwaka 1954.

Katika zoezi hili kuna swali zuri la mtihani wa mdomo. Kosa la jedwali letu ni la kiwango cha 0.0001 eV, inakuwaje basi tunathubutu kutaja pengo dogo kuliko hilo ukuta wa kati ukizidi kupanuliwa? Kwa sababu mawimbi yote mawili yana mikunjo karibu sawa ndani ya visima, kosa lao ni karibu lilelile, na kutoa moja kwa jingine kunalifuta. Ila kila E lazima itafutwe hadi tarakimu nyingi za kutosha. Usitoe namba mbili ulizozikadiria hadi tarakimu tatu.

Kutoka darasani kwenda kwenye utafiti

Ndani ya semikonda elektroni hujibu kana kwamba masi yake ni nyingine. Kwenye galiamu arsenidi ni 0.067 ya masi ya kawaida, kwa hiyo c inakuwa 1.7585, na sanduku la nanomita 10 lina kiwango cha kwanza cha 0.056 eV. Badilisha seli G3 na h, faili lote linafanya kazi. Utegemezi huo wa nishati kwa ukubwa wa sanduku ndio unaoipa nukta ya kwanta (chembe ndogo mno ya semikonda) rangi yake, na ugunduzi na utengenezaji wa nukta hizo ulitunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2023.

Haidrojeni nayo inaingia: tumia u = rψ, r ikiwa umbali kutoka kiini cha atomu, anza na u = 0 pale r = 0, na V = −1.43996/r. Seli ya r = 0 itatoa kosa la kugawa kwa sifuri; iache tupu, kwani u ni sifuri hapo na D4 haiisomi. Kwa hatua ya moja ya kumi ya nusukipenyo cha Bohr, yaani nanomita 0.00529, utapata −13.572 eV badala ya −13.606.

Ukichoka kusaka kiwango kimojakimoja, geuza pointi ziwe matriksi. Kwenye ulalo weka 2/(c h²) + V, na kando yake pande zote mbili weka −1/(c h²). Kwa h = 0.01 na elektroni huru, 1/(c h²) ni 381 eV. Amri ya eigh_tridiagonal kwenye maktaba ya SciPy ya Python itakupa viwango vyote kwa mpigo, na vitalingana na vya Excel karibu hadi tarakimu ya mwisho, kwa kuwa hesabu ni ileile. Angalizo moja: matriksi huchukulia kwamba wimbi ni sifuri pointi moja nje ya kila ncha, hivyo sanduku la hatua 100 lina pointi 99 za ndani. Ukiingiza zote 101 umelipanua sanduku hadi nanomita 1.02, na kila kiwango kitashuka karibu asilimia 4. Kosa hili ndilo la kwanza kutafuta msimbo wa mwanafunzi unapotoa namba "zinazokaribia" za vitabuni.

Njia hii ina ukomo wake, na ni wa kumbukumbu ya kompyuta. Pointi 100 kwa mwelekeo mmoja ni pointi milioni moja kwa mielekeo mitatu, na kompyuta ya kawaida bado inamudu. Ongeza elektroni ya pili: wimbi sasa linategemea mahali pa zote mbili kwa pamoja, pointi 10¹². Kuandika wimbi moja tu, kwa baiti nane kila pointi, kunahitaji terabaiti 8. Elektroni ya tatu inazidisha hizo kwa milioni. Ndiyo maana wanaokokotoa atomi na molekuli halisi hawaendi njia hii. Hurudi kwenye mlinganyo wa elektroni moja kama huu wetu, wakaweka ndani ya V mchango wa wastani wa elektroni nyingine zote, wakatatua, wakarekebisha V kwa mawimbi waliyoyapata, na kurudia mpaka V ya mwanzo na ya mwisho zilingane.